Milioni 50 kila kijiji: nimefukua ilani za 2015, njooni tusome pamoja bila matusi

#1 Karani wa Kikundi

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi nilikuwa nahamisha kabati kwa mama nikakuta mfuko wa rambo wenye vitu vyangu vya 2015 na 2016. Kofia mbili, moja ya kijani ya CCM na moja ya Ukawa, ule umoja wa vyama vya upinzani (msiniulize, kofia ya kampeni kwetu ni kofia ya shamba). Kijitabu cha Ilani ya CCM 2015–2020. Karatasi za ilani ya Chadema, chama kikubwa ndani ya Ukawa, zimeliwa na panya kona moja. Na daftari la kikundi chetu, maana mimi ndiye nilikuwa karani.

Vijana wa sasa hawajui, ngoja niwakumbushe. Ilani ile ya CCM iliahidi shilingi milioni 50 kwa kila kijiji. Ukisoma kitabu chenyewe ni mfuko wa mzunguko, wa kukopesha vikundi vya wajasiriamali, hasa wanawake na vijana, kupitia SACCOS, vyama vya akiba na mikopo. Jukwaani maneno yalikuwa mafupi zaidi: milioni hamsini kila kijiji, ngoma inapigwa, watu wanapiga vigelegele. "Mzunguko" na "kukopesha" vilibaki kitabuni.

Kijijini kwetu, Kanda ya Kati, mwanzoni mwa 2016 ikaja habari kwamba hela ziko njiani na kikundi kisichosajiliwa kisahau. Tukaunda vikundi kumi na kimoja kwa wiki tatu. Chetu kilikuwa na watu 25, kila mtu akatoa 10,000. Daftari ninalo hapa: kuchapa katiba ya kikundi, muhuri, picha za pasipoti, nauli ya watu watatu kwenda wilayani mara nne, na za kufungulia akaunti. Mama mmoja aliuza majogoo mawili, nimeandika mwenyewe "majogoo 2" pembeni ya jina lake, sijui kwa nini.

Hela hazikuja mpaka leo, 2024 hii.

Sitaki kuambiwa nani mwema na nani shetani. Nauliza hivi: ile ilani ilikuwa kitu gani? Ahadi, mpango, au tangazo la biashara? Na Chadema, kama wangeshinda, ile elimu bure hadi chuo kikuu waliyoiahidi ingelipwa na nani?

#2 Mla Karanga

Nimekaa pale na kikombe cha kahawa. Wenye uzi wao wanakuja.

#3 Kijani Kibichi

Mkuu Karani, pole kwa majogoo. Ila hutendi haki. Kitabu kizima kile umeshika mstari mmoja. Haya na mimi nishike yangu. Elimu bila malipo: imeanza Januari 2016, hata miezi mitatu ya kuapishwa haijaisha. Ndege: Bombardier mbili zimetua Septemba 2016 wakati ATCL, shirika letu la ndege, ilikuwa jina tu. Reli ya kisasa: jiwe la msingi Aprili 2017, leo watu wanapanda treni ya umeme Dar hadi Dodoma. Mahakama ya mafisadi: divisheni ikaanzishwa Mahakama Kuu 2016 hiyohiyo. Umeme wa Rufiji megawati 2,115.

Sasa mtu akikujengea nyumba ya vyumba kumi, ukakuta kimoja hakina pazia, unaita majirani?

#4 Kamanda Mstaafu

Pazia? Hiyo ndiyo aya pekee kwenye ilani yenu ambayo mwananchi wa kijijini aliielewa na kuikariri. Reli nani kijijini kwa Karani aliipigia kura? Mliwaombea kura kwa milioni 50, mkawalipa kwa picha ya ndege.

Na elimu bure muiache mezani, si yenu. 2010 Dk. Slaa, mgombea urais wa Chadema, alizunguka nchi nzima akisema elimu bure inawezekana. Mlimjibu nini? Haiwezekani, anadanganya wananchi. Miaka mitano baadaye mnaibandika kwenye ilani yenu na muhuri wa jembe na nyundo. Kunakili mtihani ni kosa, watoto wetu wanafutiwa matokeo kwa hilo.

#5 Kijani Kibichi

Kwani mlisajili hatimiliki? Ahadi ikiibwa halafu ikatekelezwa, aliyeibiwa achinje mbuzi afurahi. Kama mlitaka watoto wasome bure, wamesoma. Kama mlitaka sifa, hilo jambo jingine.

#6 Mla Karanga

Hapo Kijani kapiga bao la kichwa, tuseme ukweli.

#7 Mzee wa Kijiwe

Wajukuu zangu, mnagombania shati ambalo si la yeyote kati yenu.

Ada ya msingi ilifutwa 1973 na Mwalimu. Ikarudi kwa mlango wa nyuma kwa jina la kuchangia gharama, tulivyobanwa miaka ya 80 na 90. Ikafutwa tena 2001 wakati wa Mkapa, ndipo ukaja MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, madarasa yakajengwa, watoto wakafurika. Mimi nilikuwa kamati ya shule, nililala nje nikilinda saruji. Kwa hiyo 2015 hakuna aliyefuta ada ya shule ya msingi, haikuwepo. Kilichofutwa ni ada ya sekondari, 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, na ile michango yenye majina mia. Slaa aliisema hadi kidato cha sita. CCM 2015 wakaishia kidato cha nne. Kidato cha tano na sita ada ikaja kufutwa kwenye bajeti ya 2022.

Hesabu miaka kutoka 2010 hadi 2022. Mtoto aliyekuwa la kwanza Slaa anapiga kampeni, alikuwa kamaliza kidato cha nne.

#8 Kamanda Mstaafu

Shikamoo mzee. Umenyoosha. Nakubali sehemu ya Mwalimu na Mkapa, sikuwa nimeiweka.

#9 Chawa Asiyeuma

Nyumbu wa Chadema katika ubora wao. Ilani yenu ya 2015 mlimpa nani aibebe? Lowassa, mtu mliyemsoma kwenye orodha yenu ya mafisadi pale Mwembeyanga 2007! Mkakesha miaka minane mnamwita fisadi, Julai 2015 mkampa kadi, Agosti mkampa ilani Jangwani. Sura ya kupambana na ufisadi aliisomaje huyo mgombea? Au aliruka ukurasa?

#10 Kamanda Mstaafu

Marehemu tulimzika Monduli mwezi wa pili 2024, tumuache apumzike. Ila kwa kuwa umeuliza: alijiuzulu uwaziri mkuu 2008, hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani, na Machi 2019 alirudi CCM mkampokea kwa shangwe. Kama alikuwa mchafu mbona mlimfungulia mlango wa mbele?

Buku saba yako ya kutetea chama mtandaoni ukaichukue Lumumba, ofisini kwa CCM, umeshaandika vya kutosha.

#11 Dada wa Nyegezi

Jamani hapo hakuna anayeshinda. Kamanda, na mimi 2015 niliipigia Ukawa, ila siku ile tulipoteza kitu. Tulikuwa chama chenye hoja moja kubwa, ya kupinga ufisadi, inayoeleweka hadi kwa muuza mchicha, tukaibadilisha na namba za kura. Kura zikaja kweli, karibu asilimia 40, hatujawahi. Ila mtu akiniuliza leo ilani yetu ya mwaka ule ilisema nini, nakumbuka neno moja, elimu, limerudiwa mara tatu.

#12 Msimamizi

Komenti nne zimefutwa (kabila na matusi ya wazazi). Endeleeni na mada.

#13 Hesabu Hazidanganyi

Naomba nafasi nifanye kazi ambayo wote hamjafanya.

Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000. Zidisha kwa milioni 50: unapata zaidi ya bilioni 600. Ukiongeza mitaa ya mijini, zaidi ya 4,000, maana kampeni iliposhika kasi nayo iliingizwa, ongeza bilioni 200 nyingine. Sasa mwaka 2016/17 bajeti ya nchi ilikuwa trilioni 29.5. Yaani vijiji vyote, kwa mkupuo mmoja, ni kama asilimia mbili ya bajeti ya mwaka mmoja. Ukigawa kwa miaka mitano ya ilani ni chini ya nusu asilimia kwa mwaka.

Kwa hiyo anayesema haikuwezekana, anadanganya. Iliwezekana.

Ila msishangilie upande wa pili. Bajeti ile ile ilitenga karibu bilioni 60 kuanza kwa majaribio. Hizo zinatosha kijiji kimoja kati ya kumi. Serikali iliyokuwa na nia ya kumaliza ndani ya miaka mitano ingeanza na mara mbili yake. Namba yenyewe ilikuwa inasema tangu mwaka wa kwanza kwamba hii ngoma haitachezwa hadi asubuhi.

Linganisha na elimu bila malipo: ilianza na bilioni 18 na ushei kila mwezi kwenda shuleni. Mara kumi na mbili, karibu bilioni 225 kwa mwaka, kila mwaka, bila kukoma. Ile ya vijiji ingelipwa mara moja tu ikazunguka yenyewe. Yaani waliitekeleza ahadi ghali zaidi, wakaiacha ya bei nafuu. Hapo ndipo pa kujiuliza.

Na Chadema: bure hadi chuo kikuu. Mikopo peke yake ya elimu ya juu mwaka ule ilipita bilioni 400, na ile ni mikopo, haimfikii kila mwanafunzi. Nimezisoma karatasi za ilani yao mara mbili, natafuta chanzo cha fedha. Kubana matumizi, kuziba mianya ya ufisadi, madini. Kila chama cha upinzani duniani kina hiyo mianya, ikizibwa yote nchi ingekuwa Uswisi.

#14 Mla Karanga

"Nchi ingekuwa Uswisi" 😂😂 nimemwaga kahawa.

#15 Kijani Kibichi

Hesabu, nakuheshimu, ila umeacha kitu. Fedha za vijiji hazikupotea, zilibadilishwa njia. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, bila riba, 2018 ikawekwa kwenye sheria kabisa. Ni wazo lilelile, mkopo kwa vikundi. Tena bora, maana haitegemei ilani, inategemea sheria.

#16 Karani wa Kikundi

Mkuu Kijani, asilimia 10 ilikuwepo tangu miaka ya 90, tofauti ni kwamba halmashauri zilikuwa zinatoa zikijisikia. Kuipa sheria ni jambo jema, sibishi. Ila huwezi kulipa deni la jirani kwa kumwonyesha deni jingine ulilokuwa unadaiwa kabla.

Na unajua yaliyoikuta. Aprili 2023 ilisimamishwa nchi nzima baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Halmashauri yetu mapato yake ya ndani ni ushuru wa alizeti na mnada wa Jumatano. Asilimia 10 ya hapo, ikigawanywa tarafa nzima, unapata cherehani.

#17 Jembe la Mkono

Mimi ni CCM damu, kadi ya 1988, na nitasema neno ambalo wenzangu hawatalipenda. Nilishukuru milioni 50 hazikuja.

Mnakumbuka mabilioni ya JK, Rais Kikwete? 2006 ile, bilioni moja kila mkoa, mikoa 21, mikopo ya uwezeshaji kupitia benki. Kwetu waliopata ni waliokuwa na duka tayari. Mmoja alinunua pikipiki mbili, moja ya nyumba ndogo. Kurejesha? Watu walikuwa wanasema hii hela ni zawadi ya Rais, nani anarejesha zawadi. Benki zikaja kuwatafuta, wengine wakahamia mji mwingine.

Sasa weka milioni 50 mikononi mwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, mwaka wa kwanza wa uongozi mpya, hamna hata mhasibu. Ndugu zangu, tungezikana.

#18 Bibi Shamba

Wee Jembe, zungumzia wanaume wenzio. Sisi VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, ina miaka kumi na minne, tunakopeshana kila wiki, sanduku lina makufuli matatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Anayechelewa marejesho tunamfuata na nyimbo mpaka mlangoni, mume wake mwenyewe analipa kwa aibu. Hatujawahi kupoteza hata elfu hamsini. Milioni 50 tungeizungusha mpaka leo ingekuwa na wajukuu.

Msitufananishe na wenye pikipiki mbili. Na msitumie walevi wenu kuwa sababu ya sisi kunyimwa.

#19 Kamanda Mstaafu

Bibi amemaliza.

#20 Ticha wa Kata

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Naona kila mtu anaipitisha elimu bure kama ahadi iliyotimia, mmoja anadai aliizaa, mwingine anadai aliilea. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, jina na wilaya mniachie.

Ilipoanza, Januari 2016, nilikuwa na darasa la kwanza moja la watoto 92. Mwezi ule waliandikishwa 231. Wengine walikuwa na miaka tisa, kumi, walikuwa wanachunga mbuzi. Nilifurahi hadi machozi, sidanganyi, kuna mtoto alikuja na baba yake kwa miguu kutoka kitongoji cha mbali, baba kashika daftari moja jipya kama hati ya kiwanja. Hilo mpeni haki yake aliyetekeleza, sijali ni chama gani.

Halafu njoo ofisini kwangu. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka. Kati yake 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika 6,000. Gawa kwa miezi kumi na miwili: mia tano. Kwa mwezi, mtoto mmoja, mia tano. Bei ya soda imeshapita hapo. Nikiwa na watoto 740 napata kama 370,000. Hiyo inunue chaki, karatasi za mitihani, toner ya mashine ya kuazima, marekebisho ya madawati, dawa ya huduma ya kwanza, mpira wa UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi), nauli yangu kupeleka taarifa. Mlinzi hayumo humo. Mpishi hayumo. Maji hayumo.

Zamani kamati ya shule ilikaa, wazazi wakakubaliana debe la mahindi na elfu mbili ya mlinzi. Januari 2018 likatoka tamko kuzuia michango yote, na kweli kuna shule zilikuwa zimegeuza michango kuwa ada ya pili, nakubali. Ila waraka wenyewe, namba 3 wa 2016, ulikuwa umeacha wazi kwamba chakula cha mtoto wa kutwa na sare ni jukumu la mzazi. Jaribu kumweleza hilo mzazi aliyesikia "bure" kwenye redio. Nilikuwa nasimama mbele ya mkutano na waraka mkononi, mzazi ananiambia Mwalimu unampinga Rais?

Watoto 231 niliwagawa mikondo miwili, mwalimu mmoja. Asubuhi huyu, mchana yule. Sasa nyie mnaojadili nani aliandika kwanza neno "bure", mngeandika na idadi ya walimu.

#21 Dada wa Nyegezi

Mwalimu, pole na hongera.

Kuna jambo la ilani hiyohiyo ya CCM 2015 ambalo Kijani hataligusa, nigusie mimi. Ilani ile ilisema wasichana wanaopata ujauzito shuleni waendelee na masomo. Ni ya kwao wenyewe, si ya Ufipa kwa Chadema. Juni 2017, mkoani Pwani, Rais Magufuli, mgombea wao aliyeinadi ilani hiyo, akasema wakati wa utawala wake hakuna atakayerudi shule. Wanaharakati wakamshikia ilani ya chama chake mwenyewe, wakaambiwa wanatumwa na wafadhili. Wasichana wakasubiri hadi Novemba 2021, wizara ndiyo ikaruhusu.

Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili 2018. Leo ana mtoto wa miaka sita na anashona mabegi. Mashine ameinunua mwenyewe.

Kwa hiyo Karani, unauliza ilani ni kitu gani. Kwa mdogo wangu ilikuwa upande wake na haikumsaidia kitu.

#22 Kijani Kibichi

Dada, hilo sina jibu. Nililisema hata wakati ule kwenye tawi letu, nikaambiwa nikae chini. Pole kwa mdogo wako.

#23 Chawa Asiyeuma

Kijani umeanza kulegea. Wenzio wanakuchimba.

#24 Kijani Kibichi

Silegei. Kura yangu inajulikana na haibadiliki. Lakini si kila kitu tutetee, tutachekwa.

#25 Wakili Bila Ofisi

Kwa swali la mwanzisha uzi, kisheria. Ilani si mkataba. Huwezi kwenda mahakamani kudai milioni 50 za kijiji, hakimu atakuuliza ulisaini wapi. Na msione ajabu: Katiba yenyewe, ibara ya 11, inazungumzia haki ya kujielimisha, lakini ibara ya 7 kifungu kidogo cha pili inasema mambo ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa kwa nguvu ya sheria kwenye mahakama yoyote. Yaani ahadi ya Katiba haidaiki, sembuse kijitabu cha chama.

Kinachonisumbua mimi ni kwamba ilani haidaiki na mwananchi, ila inadaiwa na chama. Mkuu wa mkoa na wa wilaya wanakwenda kwenye vikao vya chama kutoa taarifa ya utekelezaji wa ilani. Mtumishi wa umma anaambiwa simamia ilani. 2015 wananchi wa Arusha, Moshi na Mbeya mjini walichagua madiwani wengi wa Chadema. Mkurugenzi pale, mteule wa Rais, alitekeleza ilani ya nani? Mpiga kura wa Arusha alichagua kitabu kimoja akaletewa kingine.

#26 Kijani Kibichi

Nchi haiwezi kuwa na ilani mbili, Wakili. Serikali kuu ni moja, bajeti ni moja. Diwani ana mapato ya ndani, atekeleze ya kwake humo.

#27 Wakili Bila Ofisi

Mapato ya ndani, ambayo kodi ya majengo ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, 2016, na ushuru wa mabango ukafuata. Endelea.

#28 Mgeni Toka Voi

Wandugu Watanzania, hamjambo. Nyinyi mnalia na milioni 50, sisi Kenya 2013 Jubilee, muungano wa kina Uhuru Kenyatta, walituahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zikaja tabuleti 2016. Kule kwetu shule nyingine zilifungiwa stoo, mwalimu mkuu aliogopa wezi kuliko ujinga. Halafu 2022 ikaja Hasla Fandi, hiyo ilitoka kweli, Novemba tu, mkopo kwenye simu. Mimi nilipata shilingi 500. Za Kenya, msicheke sana.

#29 Mla Karanga

Karibu Mkenya. Angalau nyie mlipata nauli.

#30 Hesabu Hazidanganyi

Nirudi kwa Jembe na Bibi Shamba, maana nadhani hapo ndipo penye mada, si kwenye nani kamnakili nani.

Elimu ilitekelezwa kwa sababu bomba lilikuwepo: shule ipo, akaunti ya shule ipo, mwalimu mkuu yupo, idadi ya watoto inajulikana. Unasukuma hela zinafika, hata kama ni mia tano. Milioni 50 haikuwa na bomba. SACCOS vijiji vingi hazikuwepo. Hazina wakakaa wanaandaa utaratibu, na bungeni kila mbunge akiuliza jibu lilikuwa utaratibu unaandaliwa. Baadaye hela zikaonekana zina kazi kwenye reli na bwawa, ambavyo vina mkandarasi, vina jiwe la msingi, vina siku ya kukata utepe. Kikundi cha akina mama kukopeshana hakina utepe.

Bomba lilikuwepo lakini, Bibi kalitaja: sanduku lenye makufuli matatu. Ila halikuwa la serikali wala la chama, kwa hiyo waliotunga ilani hawakuliona. Na hata Ukawa hawakuliona, nimetafuta.

#31 Bibi Shamba

Hawakuja kuuliza. Wakati wa kampeni wanakuja kutugawia kanga, wanaimba, wanaondoka.

#32 Jembe la Mkono

Bibi Shamba, nimekubali kwa nusu. Nusu nyingine bado nina wasiwasi na mwenyekiti wangu.

#33 Kamanda Mstaafu

Karani, kwa uungwana nijibu swali lako la pili, maana sote tumelikwepa. Kama tungeshinda 2015, bure hadi chuo kikuu isingewezekana mwaka wa kwanza. Labda tungeanza na sekondari kama walivyofanya wao, halafu tungesema utaratibu unaandaliwa. Nimeandika hivi nikiwa peke yangu na hakuna wa kunipiga picha.

#34 Chawa Asiyeuma

Nimepiga picha.

#35 Karani wa Kikundi

😂 Kamanda kwisha habari yake.

Wakuu nashukuru, nimesoma yote. Ticha, ile ya mia tano kwa mtoto nimemsomea mama, amenyamaza muda mrefu.

Sasa kuna swali la mwisho, dogo, la kweli. Nyuma ya daftari nimekuta kitabu cha benki cha kikundi. Mara ya mwisho kuingizwa taarifa, 2017, kulikuwa na 86,500. Wanakikundi waliobaki kijijini ni kumi na wanne. Inaweza kuwa bado ipo? Tungegawana hata kama ni elfu nne nne.

#36 Wakili Bila Ofisi

Makato ya mwezi yatakuwa yameila sehemu, na akaunti imeshalala. Ila haipotei. Andikeni muhtasari wa kikao cha wanakikundi wenye majina na sahihi zao, barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji, nendeni na watia saini wa akaunti wakiwa na vitambulisho vya NIDA. Kama mtia saini kafariki, muhtasari uonyeshe mmemchagua nani badala yake.

#37 Karani wa Kikundi

Watia saini walikuwa watatu. Mimi, mwenyekiti, na yule mama wa majogoo. Mwenyekiti tulimzika 2020. Mama yuko Geita kwa binti yake, namba yake ya simu haipatikani. Kesho nitaenda kwa mdogo wake kuuliza.